Hesabu ya Majani

Mwaka ule wa kware, Kitangari nzima ilishikwa homa.
Yai moja, limeizidi kete ya bao kidogo tu,
liliuzwa bei ya mkate:
eti linatibu pumu, linatibu sukari,
linarudisha hata waume waliovukia Msumbiji.
Nambole wangu akauza korosho zote za msimu,
akanunua vizimba vinane na ndege mia mbili.
"Somoe," akaniambia, "umaskini tumeuaga."
Umaskini ulikuwa umekwenda chooni tu.

Bei ilipoanguka haikujikwaa, ilitumbukia.
Watu wakachinja, wakala na ugali wa muhogo;
wengine wakafungua milango ya vizimba,
na kware, wasiojua pa kwenda,
wakasimama uani wakingoja kulishwa.
Nambole akaenda Mtwara kutafuta mnunuzi.
Bado anamtafuta.

Nikabaki na ndege arobaini na mmoja
na gunia la chakula lenye vumbi la pembeni.
Dagaa wamepanda, mashudu yamepanda,
soya naisikia redioni.
Ila uani mlonge umejiotea wenyewe, hauombi maji,
na huku Newala juu, asiyeomba maji
ni mgeni wa heshima.

Nilianza kama atiaye chumvi gizani.
Nikachuma, nikaanika juani,
majani yakapauka kama kanga ya kufanyia usafi.
Kumbe jani hili halitaki jua.
Linataka kivuli, upepo wa dirishani,
siku tatu juu ya kitanda cha kamba,
kulipindua, kulipindua,
kama mtoto aliyechemka usiku.
Kisha kinu. Kisha chekeche.
Unga ukashuka kijani, mwepesi,
nikipiga chafya unaondoka na faida.

Kwa pupa nikatia konzi ishirini kwenye mia.
Wakala. Wakashiba. Wakanyamaza.
Asubuhi nachungulia kama mtoza ushuru:
mayai kumi na tisa, tisa, manne.
Nikapunguza. Nikapunguza tena.
Katika kila konzi mia, konzi tano za jani:
hapo ndipo tulipoelewana, mimi na wao.

Mwezi wa sita mashine za salfa zikaanza kunguruma.
Ukungu wa njano ukavuka ua
ukakaa juu ya mlonge wangu
kama poda usoni mwa bibi harusi.
Sikuuona. Nilichuma.
Keshokutwa ndege watatu walilala ubavu,
vidole vimekunjwa, kama waliokuwa wakihesabu kitu
wakasahau walipofikia.

Chitanda, mwenye mikorosho, akaja na kuku mkononi.
Nikamrudishia kuku wake.
Salfa ndiyo ada ya wanawe,
jani ndiyo ada ya wangu;
tutagombana, nani atasoma?
Tukapatana: kabla ya kuwasha mashine
anapiga mluzi mara mbili,
nami siku hiyo sichumi.
Mvua isipofika, naosha jani kwa maji ya ndoo,
na maji ya ndoo hapa yana bei yake,
nayo naiandika daftarini.

Juzi Fadhina alipasua yai kwenye kikaango.
"Mama, njoo uone."
Kiini kimeiva njano ya bibo,
si njano ile ya zamani, ya kuomba radhi.
Mama lishe wa stendi sasa anachukua trei mbili,
hasemi linatibu nini.
Anasema lina ladha.
Nimelipa nusu ya deni la vizimba.
Nusu nyingine imekaa, tunatazamana.

Jana ujumbe umeingia, namba siijui:
"Kware bado wapo?"
Nikaushika ule mwanga muda mrefu,
mikono yangu kijani hadi kwenye viwiko.
Nikamjibu: Wapo. Wanakula majani.

Sikumwandikia
kwamba kitanda ninachoanikia
ni upande wake.